Kutoka kwenye Kipima Mvua hadi kwenye Modeli: Namna ya Kutumia Vipimo vya Mvua Kuboresha Utabiri

Mvua inayopimwa saa tatu asubuhi katika kituo cha Mwanza, Tanga au Songea inaweza kuwa na kazi mbili. Ya kwanza inafahamika: kipimo kinaandikwa kwenye daftari, kinatumwa ofisi kuu, kinajumlishwa mwisho wa mwezi na kuhifadhiwa. Ya pili, ambayo mara nyingi haifanyiki, ni kukirudisha kipimo hicho mbele ya modeli ya kompyuta iliyotabiri mvua ya siku ileile na kuona ilikosea wapi na kwa kiasi gani. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo ya pili. Unamlenga mtabiri, mtaalamu wa data au mwanafunzi wa hali ya hewa katika Afrika Mashariki ambaye ana vipimo vya miaka kadhaa vya vituo vyake, anaweza kupakua matokeo ya modeli za dunia, na ana kompyuta ya kawaida yenye Python au R.

Wengi wanaposikia habari ya kuboresha modeli kwa vipimo vya mvua hufikiria kwanza kuviingiza vipimo ndani ya modeli kabla haijaanza kukokotoa. Kazi hiyo ipo, na nitaieleza mwishoni, lakini kwa maoni yangu ofisi nyingi za ukanda wetu zitapata faida kubwa na ya haraka zaidi kwa kulinganisha kwa uaminifu kile modeli ilichosema na kile kipima mvua kilichokusanya, kisha kuyarekebisha matokeo ya modeli kwa kufuata makosa yanayojirudia. Kinachoharibu ulinganisho huo kwa kawaida si ugumu wa hesabu. Ni saa, tarehe na sifuri.

Kukijua kifaa kabla ya kuiamini namba

Milimita moja ya mvua ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kipima mvua chenye mdomo wa kipenyo cha milimita 127, ambacho kilienea kwetu tangu enzi za Waingereza, hukusanya takriban mililita 12.7 kwa kila milimita ya mvua. Ndiyo maana glasi ya kupimia ya kifaa kimoja haifai kwa kifaa chenye mdomo wa ukubwa mwingine. Glasi ikivunjika na mahali pake pakawekwa nyingine isiyolingana, vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa vimezidishwa au kupunguzwa kwa uwiano uleule, na hakuna siku hata moja itakayoonekana kuwa na kasoro ikitazamwa peke yake.

Kosa la aina hiyo hugunduliwa kwa kuchora jumla zinazokua. Weka jumla inayokua ya kituo chako kwenye mhimili mmoja wa grafu na jumla inayokua ya wastani wa vituo jirani kwenye mhimili wa pili. Vituo vinavyopata mvua za aina moja hutoa mstari ulionyooka kiasi. Pale unapopinda na kuendelea kwa mwinamo mpya, kuna kitu kilichobadilika, iwe ni glasi, mahali kifaa kilipowekwa, au mwembe uliopandwa karibu nacho ukakua bila mtu kuujali. Kanuni inayotumika kuhusu vizuizi ni kwamba mti au jengo liwe mbali na kifaa angalau mara mbili ya urefu wake kupita mdomo wa kifaa, na ikiwezekana mara nne.

Vipima mvua vya kujiendesha vina matatizo yake. Kile chenye vikombe viwili vinavyopinduka kwa zamu, kila kupinduka kukiwa ni milimita 0.2, huhesabu pungufu mvua inaposhuka kwa nguvu, kwa sababu maji huendelea kumiminika wakati vikombe vinabadilishana zamu. Kibaya zaidi ni faneli kuziba kwa majani, vumbi, kinyesi cha ndege au kiota cha nyigu. Hapo kifaa kinaendelea kutuma namba kila dakika kumi na tano bila kukosa, na namba hiyo ni sifuri, huku mtaa mzima ukiwa umefurika. Mfumo hauoni kasoro yoyote kwa kuwa data inafika kwa wakati. Kwa hiyo tafuta kila kipindi ambacho kituo kimoja kimeandika sifuri kwa siku kumi au zaidi katikati ya masika ilhali jirani zake na setilaiti vinaonyesha mvua, na ukiondoe kwenye ulinganisho mpaka kithibitishwe.

Sifuri ya kweli na kipimo kilichokosekana ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndilo kosa linalojirudia kuliko yote katika mafaili ya mvua. Nafasi tupu kwenye daftari inaweza kumaanisha kwamba mvua haikunyesha, au kwamba mwangalizi hakuwepo. Ukiona kituo ambacho Jumamosi na Jumapili zake hazina kitu lakini Jumatatu zake zina mvua nyingi kuliko siku nyingine za wiki, jua kwamba kipimo cha Jumatatu kimebeba siku tatu. Jumla hiyo inafaa kwa hesabu ya mwezi lakini haifai kabisa kwa kupima utabiri wa siku moja. Angalia pia alama za kutokuwepo kwa data kama vile -999, ambazo zikiachwa ndani ya faili huteremsha wastani mpaka chini ya sifuri, na hilo angalau huonekana mapema.

Wanaofungua taarifa za zamani za SYNOP, yaani ripoti za vituo zilizoandikwa kwa tarakimu za siri, wajihadhari na kundi la mvua linaloanza na tarakimu 6. Tarakimu tatu zinazofuata huwa ni milimita, lakini 990 haimaanishi milimita 990, bali mvua ndogo mno isiyopimika, na 991 hadi 999 ni milimita 0.1 hadi 0.9. Programu iliyoandikwa kwa haraka huyageuza manyunyu kuwa gharika. Tarakimu ya mwisho ya kundi hilo hueleza kipimo kimejumlisha mvua ya muda gani: 1 ni muda wa saa sita na 4 ni muda wa saa ishirini na nne.

Siku ya mvua inaanza saa ngapi?

Naomba msomaji avumilie hapa, kwa kuwa nimeona ulinganisho wa miaka kumi ukitupwa wote kwa sababu ya jambo hili moja. Kipima mvua cha kusomwa kwa mkono husomwa saa tatu asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, ambayo ni saa 06 ya UTC, yaani saa za kimataifa. Maji yaliyokutwa humo ni ya kuanzia saa tatu asubuhi ya jana. Kipimo cha asubuhi ya tarehe 12 Aprili, kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ni mvua ya tarehe 11. Ofisi nyingine hukirudisha nyuma na kukiandika chini ya tarehe 11; nyingine hukiacha chini ya tarehe 12; na lipo faili lililofuata utaratibu mmoja mpaka mwaka fulani kisha likahamia mwingine pasipo maelezo yoyote.

Data ya setilaiti nayo ina siku yake. Faili la siku la IMERG, linalotokana na mpango wa GPM ambao setilaiti yake kuu ilirushwa Februari 2014, huanza saa 00 UTC, kwetu saa tisa usiku. Ukililinganisha moja kwa moja na kipima mvua, kuna saa sita ambazo upande mmoja unazihesabu leo na mwingine kesho. Pakua badala yake mafaili ya nusu saa na uyajumlishe mwenyewe kutoka saa 06 UTC hadi saa 06 UTC ya siku inayofuata.

Kwa modeli, utaratibu ni huohuo. Ikiwa modeli ilianza kukokotoa saa 00 UTC, siku ya kwanza kamili ya kipima mvua ni kuanzia saa ya 6 ya utabiri mpaka saa ya 30. Katika modeli ya kituo cha Ulaya, ECMWF, mvua hujumlishwa tangu mwanzo wa utabiri, hivyo unatoa jumla ya saa ya 6 kutoka kwa jumla ya saa ya 30, na unazidisha kwa 1,000 kwa sababu kipimo chake kimeandikwa kwa mita. Katika GFS ya Marekani kipimo ni kilo kwa mita ya mraba, ambacho ni sawa na milimita, lakini jumla huanza upya kila baada ya muda fulani. Soma maelezo ya kila faili kabla ya kutoa au kujumlisha. Wanaoendesha WRF, modeli ya eneo dogo, wakumbuke kwamba mvua imegawanywa katika RAINC, ile inayotokana na fomula za mawingu madogo kuliko gridi (miraba ambayo modeli huigawa ramani), na RAINNC, ile ambayo gridi yenyewe imeifikia. Anayechukua moja tu ataituhumu modeli kwa ukame ambao haikuutabiri.

Njia nyepesi ya kuhakiki tarehe ni hii. Chukua msimu mmoja wenye mvua nyingi, hesabu kigezo cha uhusiano kati ya kituo na IMERG uliyoijumlisha upya, kisha rudia baada ya kusogeza faili la kituo siku moja nyuma, halafu siku moja mbele. Moja kati ya hesabu hizo tatu huzishinda nyingine waziwazi. Ikiwa mshindi si yule uliyemtarajia, tarehe zina kasoro. Fanya hivyo mwaka kwa mwaka, kwa sababu kasoro inaweza kuanzia katikati ya faili. Katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Viktoria jambo hili linahitaji umakini zaidi: usiku upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa na kuinua mawingu ya radi, na sehemu ya mvua hiyo huifikia Bukoba asubuhi, saa zilezile mwangalizi anapokwenda kusoma kifaa. Dhoruba moja hugawanyika katika siku mbili za daftari.

Tundu la sentimita kumi na tatu dhidi ya mraba wa kilomita tisa

Mraba mmoja wa modeli yenye gridi ya kilomita 9 una kilomita za mraba 81. Mdomo wa kipima mvua tulichokitaja una sentimita za mraba kama 127. Eneo la kwanza ni zaidi ya mara bilioni sita ya la pili. Mvua ya radi inaweza kuilowesha Kariakoo huku Mbezi kukiwa na jua, na modeli iliyotoa milimita 12 kwa mraba mzima ikahesabiwa kuwa imekosea kote kuwili. Haiwezekani kuliondoa tatizo hili, ila linaweza kupunguzwa.

Kwanza, palipo na vituo kadhaa ndani ya mraba mmoja au miraba inayopakana, linganisha wastani wake na wastani wa miraba hiyo, si kituo kimoja kimoja. Pili, chagua mraba kwa akili badala ya kuiachia programu ichukue ulio karibu zaidi. Kwa Mwanza, Bukoba au Musoma mraba ulio karibu unaweza kuwa wa maji, ambako mvua hunyesha usiku, wakati kituo kiko nchi kavu, ambako mvua nyingi hunyesha alasiri. Fungua ramani ya modeli inayoonyesha nchi kavu na maji, na ulazimishe mraba wa nchi kavu. Katika modeli zenye gridi pana, Mafia na hata Unguja huweza kuhesabiwa kuwa bahari tupu. Tatu, linganisha mwinuko. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, lakini modeli huisawazisha milima ya Usambara kuwa kilima cha taratibu, na mvua inayotokana na upepo kupanda mlima hupungua pamoja nao. Tofauti ya mwinuko kati ya kituo na mraba ikizidi mita mia kadhaa, kiandike kituo hicho katika kundi lake la pekee.

Gridi ikiwa ndogo, kama kilomita 4 au chini yake, tatizo hubadilika sura. Modeli ya namna hiyo huunda dhoruba zinazofanana na za kweli, lakini ikiiweka dhoruba kilomita 20 pembeni huadhibiwa mara mbili: kwa kukosa mvua pale iliponyesha, na kwa kuiweka pale ambapo haikunyesha. Modeli yenye ukungu wa manyunyu kila mahali hupata alama nzuri kuliko hiyo, jambo ambalo mtabiri yeyote anajua si haki. Kwa ajili hiyo Roberts na Lean walipendekeza mwaka 2008 kipimo kinachotazama ujirani: chora mraba wa, tuseme, kilomita 50, hesabu ni sehemu gani ya miraba midogo ndani yake imepita kiwango fulani cha mvua katika modeli na katika vipimo, na ulinganishe sehemu hizo mbili badala ya kila nukta. Vipimo vya kufunika eneo lote itabidi vitoke kwenye rada au setilaiti, vipima mvua vikitumika kuhakikisha setilaiti hiyo haidanganyi. Setilaiti hudanganya hasa katika milima iliyo karibu na pwani, ambako mawingu mafupi yenye vilele vya joto huleta mvua ya kutosha bila kuonekana hatari kutoka angani.

Kuna mtego mmoja hapa. Bidhaa kama CHIRPS, makadirio ya mvua ya setilaiti yanayoanzia mwaka 1981, na toleo la mwisho la IMERG zimekwisha kuchanganywa na vipima mvua. Ukizipima kwa vituo vilevile vilivyotumika kuzitengeneza, utapata sifa nzuri isiyo na maana. Tenga mapema vituo vichache ambavyo data yake haikupelekwa huko.

Jedwali lenye visanduku vinne

Mwaka 1884 John Finley wa jeshi la Marekani alichapisha matokeo ya utabiri wake wa vimbunga vya nchi kavu. Kati ya matabiri 2,803, alitaja kimbunga mara 100. Mara 28 kilitokea na mara 72 hakikutokea. Vingine 23 vilitokea bila kutabiriwa. Kwa kuhesabu matabiri yote aliyopatia, yakiwemo 2,680 ya kusema kwamba hakuna kitu na kweli pasiwe na kitu, alijipa usahihi wa asilimia 96.6. Haikuchukua muda wenzake wakamwonyesha kwamba mtu ambaye angesema kila mara "hakuna kimbunga" angepata asilimia 98.2. Tangu hapo anayetabiri matukio adimu hana ruhusa ya kujisifu kwa asilimia ya siku alizopatia, ingawa bado tunaisikia.

Chora visanduku vinne: mvua ilitabiriwa ikanyesha, ilitabiriwa haikunyesha, haikutabiriwa ikanyesha, haikutabiriwa wala haikunyesha. Tuchukue mfano wa kubuni wa siku 92 za Machi hadi Mei katika kituo kimoja, kwa kiwango cha milimita 1 au zaidi, na visanduku viwe na siku 30, 26, 8 na 28 kwa mfuatano huo. Mvua ilinyesha siku 38, na modeli ilizinasa 30, yaani 0.79 ya siku hizo. Modeli ilitabiri mvua siku 56, na 26 kati yake zilikuwa za bure, yaani 0.46. Ukigawa 56 kwa 38 unapata 1.47: modeli inanyesha karibu mara moja na nusu ya mara ambazo mbingu zinanyesha. Namba hii ya tatu ndiyo ninayoitazama kwanza, kwa kuwa inaonyesha ugonjwa unaotibika. Modeli zinazokadiria mawingu ya radi kwa fomula hupenda manyunyu ya mara kwa mara, tena huyaleta mapema, karibu na adhuhuri, wakati radi za kweli za bara hupiga alasiri na jioni.

Rudia jedwali hilo kwa milimita 10, 20 na 50. Milimita 50 kwa saa 24 ni kiwango kilichozoeleka katika tahadhari za mvua kubwa za ukanda wetu, na hapo utakuta siku chache mno kwa kituo kimoja. Unganisha vituo vyenye hali inayofanana, mathalani vya ukanda wa pwani kutoka Tanga hadi Mtwara, lakini usiunganishe pwani na Dodoma. Tenganisha masika na vuli kila wakati. Mvua za vuli hufuata zaidi joto la bahari za Hindi na Pasifiki, na modeli inayofanya vizuri Novemba inaweza kukuangusha Aprili.

Kwa utabiri wa kundi, ambapo modeli moja huendeshwa mara nyingi kwa mwanzo unaotofautiana kidogo, kipimo hubadilika. Ikiwa wanachama 20 kati ya 50 wanatoa mvua, uwezekano ni asilimia 40. Kusanya siku zote zilizopewa asilimia 40 na uangalie kama kweli mvua ilinyesha katika takriban siku nne kwa kila kumi. Mara nyingi haikuwa hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu ukanda wa kitropiki wa Afrika kaskazini mwa ikweta ulionyesha kwamba makundi ya vituo vikuu vya dunia, kabla ya kurekebishwa, kwa ujumla hayakuushinda utabiri unaotegemea takwimu za miaka mingi peke yake. Weka basi takwimu za miaka mingi kama mshindani katika kila jedwali lako. Modeli isiyoushinda wastani wa tarehe hiyo haijastahili kuwekwa kwenye taarifa ya habari.

Kurekebisha matokeo

Marekebisho mepesi kuliko yote yanatokana na ile 1.47. Panga siku zote 92 za modeli kutoka yenye mvua nyingi hadi yenye mvua chache, na uishie kwenye siku ya 38, kwa kuwa 38 ndiyo idadi ya siku ambazo mvua ilinyesha kweli. Ukikuta siku hiyo ya 38 ina milimita 3.4, basi kila kinachotabiriwa chini ya milimita 3.4 kihesabiwe kuwa siku kavu. Kwa hatua hiyo moja manyunyu ya uongo hupungua, ingawa siku chache zilizonaswa nazo zitapotea, na huna budi kuhesabu upya jedwali uone kama biashara hiyo ina faida.

Kwa siku zinazobaki, linganisha ngazi kwa ngazi. Panga mvua za modeli na mvua za kipima mvua kila moja peke yake. Thamani ya modeli iliyo kwenye ngazi ya asilimia 90 ibadilishwe kwa thamani ya kipima mvua iliyo kwenye ngazi hiyohiyo. Njia hii hurekebisha ukubwa wa mvua lakini haihamishi mvua kutoka siku moja kwenda nyingine. Modeli iliyokosa dhoruba ya Jumanne itaendelea kuikosa baada ya marekebisho, na kama Jumatano ilitabiri mvua isiyokuwepo, marekebisho yanaweza kuikuza. Katika ngazi za juu, ambako unazo siku mbili au tatu tu, usiziachie siku hizo ziamue peke yake: tumia mgawanyo laini uliolinganishwa na data yote, au weka kikomo cha ukuzaji. Kipimo kimoja chenye kosa la nukta ya desimali, milimita 184 badala ya 18.4, kinaweza kuzua tahadhari za uongo kwa miaka.

Kwa uwezekano, regresheni ya lojistiki, yaani fomula ya takwimu inayotoa jibu kati ya 0 na 1, hutosha. Ipe wastani wa mvua wa kundi, sehemu ya wanachama wenye mvua na mwezi, na jibu liwe ni kama kipima mvua kilipita kiwango au la. Kipimo cha kufuatilia ni kile cha Brier: toa tokeo (1 au 0) kutoka kwa uwezekano, zidisha tofauti kwa yenyewe, kisha tafuta wastani wa siku zote. Kidogo ndicho kizuri.

Haya yote yanahitaji matabiri ya zamani yaliyofanywa na modeli ileile inayotumika sasa. ECMWF hurudia matabiri ya miaka 20 iliyopita kwa toleo lake la sasa, na kundi la GEFS la Marekani lina marudio ya 2000 hadi 2019 yaliyo wazi kwa umma. Jifunze marekebisho kwa miaka yote isipokuwa mmoja, yajaribu kwenye mwaka uliouacha, kisha zungusha mpaka kila mwaka uwe umejaribiwa. Acha mwaka mzima, si siku moja moja, kwa sababu siku zinazofuatana hufanana na jaribio litapendelea upande wako.

Kuingiza vipimo ndani ya modeli

Halijoto au mgandamizo wa hewa huingizwa kwenye modeli kwa urahisi kiasi, kwa sababu ni hali ya mwanzo. Mvua ni matokeo ya unyevu, mwinuko wa hewa na chembe za mawingu, na kipimo kikisema milimita 20 pale ambapo modeli ina sifuri, hesabu haina njia ya kujua ni unyevu upi uongezwe ili mvua ianze. ECMWF ilianza Novemba 2011 kuingiza mvua iliyopimwa kwa rada na vipima mvua vya Marekani, na ilikuwa data nyingi, ya saa chache, yenye kufunika eneo kubwa. Njia nyingine ni ya kusukuma joto: kila kilo ya mvuke inapogeuka maji hutoa joto la takriban jouli milioni 2.5, kwa hiyo mahali rada inapoonyesha mvua nyingi kuliko modeli, joto hilo huongezwa katika safu ya hewa, na mahali inapoonyesha kidogo hupunguzwa. Kipimo cha mara moja kwa siku hakiwezi kufanya kazi hii, kwa kuwa hakisemi mvua ilinyesha saa ngapi.

Ila kipima mvua cha saa kwa saa kinaweza kuisahihisha rada inayofanya kazi hiyo. Rada, zikiwemo za Dar es Salaam na Mwanza, hupima mwangwi, na mwangwi hugeuzwa kuwa mvua kwa fomula. Ile ya Marshall na Palmer, Z = 200R^1.6, ambapo Z ni nguvu ya mwangwi na R ni mvua kwa saa, hupunguza mno mvua kubwa za joto, na zipo za kitropiki kama Z = 250R^1.2 zinazozikaribia zaidi. Jumlisha mvua ya vipima mvua vyote vilivyo ndani ya eneo la rada kwa saa chache zilizopita, gawa kwa jumla ya rada kwenye nukta zilezile, na uzidishe picha nzima kwa uwiano huo, baada ya kuondoa vifaa vilivyoziba.

Vipimo vya kila siku, kwa upande wao, vina nafasi ndani ya udongo. Endesha modeli ya ardhi kwa mvua iliyopimwa badala ya mvua iliyotabiriwa, kama mfumo wa FLDAS unavyofanya kwa kutumia CHIRPS, na unyevu wa udongo utakaopatikana uwe mwanzo wa WRF yako. Udongo uliolowa hupoza adhuhuri na kubadilisha mahali mawingu ya alasiri yanapoanzia, hasa katika nyanda kavu za kati.

Modeli za akili bandia haziondoi kazi hii. GraphCast ilifundishwa kwa ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya zamani iliyokokotolewa upya kwa modeli, ya mwaka 1979 hadi 2017, na mvua ya ERA5 katika sehemu kubwa ya Afrika ni mvua iliyokokotolewa, pamoja na makosa yake ya saa na kiasi. Ichukulie kama modeli nyingine yoyote: ipitishe kwenye jedwali la visanduku vinne, irekebishe kwa vituo vyako, na uiulize kama inaushinda wastani wa tarehe.

Weka pia daftari la mabadiliko ya modeli. Hifadhi matokeo ghafi, si yaliyorekebishwa pekee, na andika tarehe ambayo kila toleo jipya lilianza kazi. Toleo jipya likipunguza manyunyu yenyewe, ile milimita 3.4 uliyoiweka mwaka juzi itaanza kufuta mvua za kweli, na dalili ya kwanza utaiona kwenye kisanduku cha tatu: mvua iliyonyesha bila kutabiriwa.